Ukucha wa Shetani: Mzizi wa Kalahari na Dawa ya Viungo ya Ulaya

Ukucha wa shetani ni mmea unaotambaa juu ya mchanga wa Kalahari, kusini mwa Afrika. Viazi vyake vya ardhini vimekuwa, kwa zaidi ya nusu karne, miongoni mwa dawa za mitishamba zinazonunuliwa sana Ulaya kwa maumivu ya viungo, ya mgongo, na mengine yote ambayo Waswahili huyakusanya chini ya jina la baridi yabisi. Wataalamu wa mimea huuita Harpagophytum procumbens. Una ndugu yake wa upande wa kaskazini, Harpagophytum zeyheri, ambaye hufika Angola, Zambia na Zimbabwe. Yote miwili ni ya ukoo mmoja na ufuta, na anayelifahamu ua la ufuta hatapata shida kulitambua ua la mmea huu: lina umbo lilelile la tarumbeta, ila ni kubwa zaidi, la zambarau au waridi, na kooni lina umanjano.

Jina limetokana na tunda. Ufuta ukikomaa hupasua ganda na kumwaga mbegu zake papo hapo, lakini mmea huu huzishikilia. Tunda lake likikauka huwa gumu kama gogo dogo, lenye mikono iliyochomoza pande zote, na kila mkono una kulabu zilizopinda nchani. Mbele yake mbigili ya shambani ni mchezo. Mnyama akilikanyaga hunasa mguuni, akatembea nalo mbali, mbegu zikidondoka njiani moja moja. Wafugaji wa Kalahari hawalipendi hata kidogo, kwa sababu huumiza kwato na midomo ya mifugo, na makaburu ndio walioliita jina hilo la shetani. Wajerumani wakalitafsiri, na katika jina lao la Kijerumani mzizi ukaenda kuuzwa duniani.

Kinachouzwa, hata hivyo, hakina kulabu wala sura ya kutisha. Kiko chini. Mvua ya Kalahari ni haba na haitabiriki, na mmea huu umejifunza kuishi kwa akiba. Mzizi mkuu huzama wima mchangani, wakati mwingine hadi mita 2, na kutoka kwake hutoka mizizi ya pembeni inayovimba na kuwa viazi vilivyojaa maji. Kiangazi kikifika, matawi yote ya juu hukauka na kupeperuka, na mpita njia haoni kitu isipokuwa mchanga mtupu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mzizi mkuu huchipua upya. Mpangilio huo, wa mzizi mkuu unaobeba uhai na viazi vya pembeni vinavyobeba akiba, ndio ulioamua baadaye kama biashara ingeuua mmea au ingeuacha uishi.

Wasan, wakazi wa kale kabisa wa Kalahari, waliujua mzizi huu kabla ya kuwako mtu wa kuandika habari zake. Waliujua pia Wanama, Waherero, na Watswana wanaouita sengaparile. Matumizi yaliyoandikwa kutoka kwa jamii hizo ni mengi na ya kila namna. Vipande vikavu vilichemshwa au kulowekwa, na maji yake machungu sana yakanywewa kwa homa, kwa tumbo lisilosaga chakula, kwa kukosa hamu ya kula, na kwa maumivu ya wanawake wakati wa kujifungua na baada yake. Unga wake ulichanganywa na mafuta ukapakwa kwenye vidonda na majipu. Maumivu ya viungo yalikuwamo, lakini yalikuwa moja tu kati ya mengi, wala hayakuwa kichwa cha orodha. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu chupa za Ulaya huandikwa kwamba Wasan wameitumia dawa hii kwa viungo karne na karne, kana kwamba walikuwa wakiendesha kliniki ya baridi yabisi. Ukweli ni kwamba Ulaya ilipokea dawa ya mambo mengi, ikachagua ugonjwa mmoja uliokuwa ukiwasumbua wazee wake.

Mzungu wa kwanza kuuandika kitaalamu alikuwa Mwingereza William John Burchell, aliyezunguka kusini mwa Afrika kati ya 1810 na 1815 akikusanya mimea, wadudu na ngozi za wanyama. Ndiye yule ambaye jina lake lilibandikwa kwa punda milia wa mbugani. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka London mwaka 1822 na 1824, mmea huu umo, lakini umo kwa ajili ya tunda lake la ajabu. Uponyaji haukumshughulisha. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu wa Ulaya walihangaika na swali la mmea uwekwe katika ukoo gani, na mzizi wenyewe ukabaki mchangani bila kuulizwa.

Mambo yalibadilika kwa vita. Ujerumani ilijitwalia nchi ambayo leo ni Namibia mwaka 1884, ikaiita Afrika ya Kusini Magharibi ya Kijerumani. Mwaka 1904 Waherero waliinuka, na Wanama wakafuata. Jemadari Lothar von Trotha aliwasukuma Waherero kuingia katika nyika kavu ya Omaheke, na Oktoba mwaka huohuo akatoa amri ya kuwaangamiza. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi na kiu, na wengine wakafia kambini. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bara, jeshi la dola hiyohiyo lilikuwa likichoma mashamba kusini mwa Tanganyika katika vita vya Maji Maji. Huko Namibia, katikati ya mauaji hayo, ndiko elimu ya mzizi ilikovuka kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mlowezi.

Kisa kinachorudiwa karibu katika kila maandishi kuhusu dawa hii ni hiki. Mwaka 1907 mlowezi mmoja wa Kijerumani, G. H. Mehnert, alisikia au alishuhudia mtu aliyekuwa taabani, ambaye madaktari wa jeshi walikwisha kumkatia tamaa, akiponywa na mganga wa kienyeji kwa mzizi fulani. Mehnert akamtaka mganga amwoneshe mzizi huo, naye akakataa. Mlowezi hakukubali kushindwa: alisubiri mganga achimbe dawa, akampeleka mbwa wake kunusa njia, na mbwa akamfikisha kwenye shimo lililofukiwa. Huenda mbwa ametiwa chumvi na wasimulizi. Lakini kisa chenyewe, hata kikisimuliwa na wauzaji wa dawa kwa fahari, kinakiri jambo ambalo wauzaji hawakukusudia kulikiri: mwenye elimu alikataa kuitoa, ikachukuliwa kwa kufuatiliwa nyuma. Jina la Mehnert limehifadhiwa hadi leo. La mganga hakuna aliyeliuliza.

Mehnert alitengeneza chai ya mzizi huo na kuwagawia walowezi wenzake, na vipande vikaanza kusafirishwa kwenda Ujerumani kidogo kidogo. Wajerumani walinyang'anywa koloni hilo mwaka 1915, lakini jamii ya walowezi ilibaki, na kwa kupitia kwao mzizi haukusahauliwa. Wa kwanza kuupima katika maabara kwa maumivu ya viungo alikuwa B. Zorn wa Jena, mwaka 1958. Aliwasababishia panya uvimbe wa viungo kwa kuwadunga kemikali, akawapa chai ya mzizi, akaripoti kwamba uvimbe ulipungua. Mwaka 1964 mtaalamu wa mimea O. H. Volk aliutangaza katika jarida la wafamasia wa Ujerumani kuwa mmea wa kuongezwa katika hazina ya dawa. Miaka hiyohiyo wakemia walitenga kiini chake kikuu, wakakiita hapagosaidi. Kiini hicho kimo zaidi katika viazi vya pembeni, na kitabu rasmi cha dawa cha Ulaya kinadai kwamba mzizi mkavu unaouzwa kama dawa uwe na hapagosaidi isiyopungua asilimia 1.2.

Kwa nini Ujerumani? Sababu moja ni historia ya koloni. Nyingine ni tabia ya nchi yenyewe. Ujerumani ndiko kampuni ya Bayer ilikotoa aspirini mwaka 1899, na aspirini yenyewe ni mtoto wa mitishamba, kwani asidi iliyoizaa ilijulikana kwanza kutokana na gome la mti wa wilo na maua ya mimea ya majimaji. Lakini Wajerumani hawakuiacha mizizi na majani eti kwa sababu wamepata vidonge. Huko daktari mwenye shahada huandika dawa ya mitishamba bila kuona haya, na mfamasia huiuza kaunta ileile anayouzia antibiotiki. Mwaka 1978 serikali iliunda tume ya wataalamu, maarufu kwa jina la Tume E, ya kuchambua mitishamba mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1989 tume hiyo iliukubali ukucha wa shetani kwa kukosa hamu ya kula, kwa tumbo lisilosaga vizuri, na kama msaada wa ziada katika magonjwa ya kuchakaa kwa viungo. Kwa miaka mingi bima ya afya ililipia dawa hizo zikiandikwa na daktari, hadi mageuzi ya mwaka 2004 yalipofuta malipo ya karibu dawa zote zisizohitaji cheti.

Biashara yenyewe ya kuuza nje kwa wingi ilianza 1962, kwa kampuni iliyofunguliwa Namibia kwa kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 shehena zilitoka makumi ya tani zikafika mamia. Namibia ikawa, na imebaki, chanzo cha sehemu kubwa mno ya mzizi wote unaouzwa duniani. Botswana na Afrika Kusini hufuata kwa mbali. Soko kuu lilikuwa Ujerumani, kisha Ufaransa, ambako unga wake ulitiwa katika kapsuli na kupangwa kwenye rafu za famasia karibu na dawa za kutuliza maumivu.

Ukiacha kapsuli na kurudi mchangani, kazi huanza mvua zikiisha, wakati viazi vimejaa na matawi bado yanaonekana ili mchimbaji ajue pa kuchimba. Mchimbaji stadi hachimbi kwenye shina. Huanza kando, akishuka polepole kwa mti wa kuchimbia au sepetu hadi akutane na kiazi cha pembeni. Hukifuata kwa vidole, hukikata, akaenda upande mwingine. Mzizi mkuu hauguswi. Akimaliza hufukia shimo kwa mchanga uleule, kwa sababu mzizi ulioachwa wazi hukauka kwa jua au huliwa, na shimo lenyewe huvunja miguu ya ng'ombe. Viazi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba vya mviringo kwa kisu kikali, na kutandazwa juu ya wavu uliotandikwa juu kidogo ya ardhi, mahali penye hewa. Vikilazwa chini hushika mchanga na kinyesi cha mbuzi, na mnunuzi wa Ulaya hukataa gunia zima. Vikikatwa vinene huoza kabla ya kukauka. Kazi ya siku nzima jangwani hurudi nyumbani ikiwa nyepesi mno, maana sehemu kubwa ya uzito wa kiazi ni maji. Vipande vilivyokauka vina rangi ya udongo uliopauka, ni vigumu, na ukali wa uchungu wake hubaki ulimini muda mrefu.

Ubaya wa biashara ulikuwa katika mnyororo uliounganisha wavu huo na famasia. Wengi wa wachimbaji ni Wasan na maskini wengine wa vijijini wasio na mifugo wala ajira, na kwao mzizi huu ndio njia pekee ya kushika pesa taslimu. Mlanguzi alifika na gari lake siku asiyoitangaza, akapima kwa mizani yake, akalipa bei yake, na mara nyingi alilipa kwa sukari, tumbaku au pombe badala ya fedha. Mchimbaji asiyejua kama mlanguzi atarudi tena hakuwa na sababu ya kuuacha mzizi mkuu kwa ajili ya msimu ujao. Hapo ndipo uharibifu ulipoanzia: uharaka wa mtu asiye na uhakika wa kesho, pamoja na wachimbaji wapya walioingia kazini bila kufundishwa na wazee. Mizizi mikuu ikang'olewa, mashimo yakaachwa wazi. Namibia iliutangaza mmea huu kuwa wa kulindwa mwaka 1977 na kudai kibali kwa kila anayeuchimba au kuuuza, na Botswana nayo ikaweka masharti yake. Lakini kibali kilichotolewa ofisini hakikuona kinachotendeka umbali wa siku mbili jangwani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mahitaji ya Ulaya yalipanda kwa kasi, na Namibia peke yake ikawa inauza takriban tani 600 za vipande vikavu kwa mwaka. Hofu ya kwamba mmea utatoweka ilifika meza za kimataifa. Aprili 2000, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Gigiri, Nairobi. Magazeti ya Kenya na ya dunia yalijaa habari za pembe za ndovu, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikivutana na nchi za kusini mwa Afrika kuhusu uuzaji wake. Katika kivuli cha mvutano huo Ujerumani, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu, ilileta pendekezo kwamba ukucha wa shetani uingizwe katika orodha ya pili ya mkataba, ili kila shehena ivuke mpaka na hati maalumu.

Nchi unakoota mmea huo zilipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba orodha hiyo ingewatisha wanunuzi, bei ingeanguka, na anayeumia angekuwa mchimbaji ambaye hata hakualikwa Nairobi. Tena idadi kamili ya mimea porini haikuwa imepimwa sawasawa. Pendekezo likaondolewa, na badala yake nchi husika zikatakiwa kukusanya takwimu na kuripoti. Ni vigumu kuilaumu Ujerumani kwa kutaka kulinda, lakini pia ni vigumu kutoona kichekesho chake: nchi iliyokula mzizi kwa karne nzima ilikuja kuwafundisha wenyeji namna ya kuutunza.

Njia iliyofanya kazi zaidi ilikuwa imeanza miaka 3 kabla, na ilianza kwa mnunuzi na bei. Mwaka 1997 shirika lisilo la kiserikali la CRIAA SA-DC lilianzisha mradi katika shamba la Vergenoeg, mkoani Omaheke, katika nyika ileile ambako Waherero walisukumwa kufa mwaka 1904. Wakazi, wengi wao wakiwa Wasan, waliahidiwa mnunuzi wa kudumu na bei iliyo juu kuliko ya walanguzi, kwa masharti: kuchimba kando, kuacha mzizi mkuu, kufukia shimo, kukausha kwa usafi, na kuandika nani kachimba wapi. Mimea ya eneo ilihesabiwa kabla ya msimu ili kupanga kiasi cha kuchimba, kisha mashimo yakakaguliwa baadaye. Mfumo huo uliigwa katika hifadhi za kijamii za kaskazini mashariki mwa Namibia, kama Nyae Nyae, ambako jamii yenyewe hutia saini mkataba na msafirishaji mmoja na kumzuia mgeni kuchimba. Haukuwafikia wachimbaji wote, wala haukuwafukuza walanguzi. Lakini ulionesha kwamba mchimbaji anayejua bei ya mwakani hauui mzizi.

Huku nyuma, swali ambalo mgonjwa wa Hamburg au Lyon angeliuliza kwanza lilikuwa likijibiwa polepole: je, dawa inafanya kazi? Panya wa Zorn hawakutosha. Kuanzia miaka ya 1990 Sigrun Chrubasik na wenzake nchini Ujerumani walifanya majaribio ya kitabibu kwa wenye maumivu ya kiuno. Katika jaribio lililochapishwa 1999, wagonjwa 197 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa vidonge visivyo na dawa, wa pili dozi ndogo ya dondoo la mzizi, wa tatu dozi kubwa, kwa wiki 4, bila mgonjwa kujua amepewa nini. Kilichohesabiwa ni wangapi wangekaa angalau siku 5 za wiki ya mwisho bila maumivu na bila dawa nyingine ya kutuliza. Walikuwa 3, 6 na 10. Kwa hesabu za kitakwimu ongezeko hilo lina maana, na wauzaji walilitangaza sana. Lakini msomaji anayeziangalia namba zenyewe ataona pia kwamba hata katika kundi lililofanya vizuri zaidi, walio wengi bado waliumwa.

Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 122 wenye kuchakaa kwa magoti na nyonga, waliofuatwa miezi 4. Nusu walitumia kapsuli za unga wa mzizi, nusu dawa ya kawaida iitwayo diaserini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiwango kinacholingana, na waliotumia mzizi walipata madhara machache. Kasoro ni kwamba hapakuwa na kundi la vidonge vitupu, na maumivu ya goti huja na kupoa yenyewe, kwa hiyo haijulikani nafuu ngapi ingekuja bila dawa yoyote. Mwaka 2003 Chrubasik aliupambanisha mzizi na rofekoksibu, kidonge kipya kilichokuwa kikisifiwa wakati huo, kwa wagonjwa 88 wa kiuno. Tofauti kubwa haikuonekana, ingawa kundi lilikuwa dogo mno kuamua. Mwaka uliofuata, Septemba 2004, rofekoksibu iliondolewa sokoni dunia nzima na mtengenezaji wake kwa sababu iliongeza hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Wauza mitishamba hawakuhitaji tangazo bora kuliko hilo, japo kuanguka kwa dawa moja si ushahidi wa uzuri wa nyingine.

Wataalamu wa taasisi ya Cochrane, wanaokusanya na kupima majaribio ya wengine, walihitimisha mwaka 2014 kwamba dondoo lenye miligramu 50 au 100 za hapagosaidi kwa siku huenda linapunguza maumivu ya kiuno kuliko kidonge kitupu, ila ubora wa ushahidi ni wa chini na muda uliochunguzwa ni mfupi. Namna linavyofanya kazi mwilini bado inabishaniwa. Hapagosaidi iliyotengwa peke yake haikufanya vizuri kama mzizi mzima katika majaribio kadhaa, na ndiyo sababu watengenezaji huuza dondoo zima. Ugonjwa wa viungo unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia, ambao huharibu mifupa ya vidole kwa kasi, haumo kabisa katika yale yaliyothibitishwa, na mgonjwa wake anayeacha dawa za hospitali kwa ajili ya mzizi hupoteza muda ambao viungo vyake haviwezi kuurudisha.

Sheria ya Umoja wa Ulaya imeiweka dawa hii mahali panapolingana na ushahidi wake. Kwa mujibu wa agizo la mwaka 2004 kuhusu mitishamba ya jadi, bidhaa inaweza kusajiliwa bila majaribio mapya ikiwa imetumika kama dawa kwa miaka isiyopungua 30, kati yake 15 ndani ya Umoja. Kwa njia hiyo ukucha wa shetani umesajiliwa kwa maumivu madogo ya viungo na matatizo madogo ya tumbo, kwa msingi wa matumizi ya muda mrefu tu. Kanuni hiyo ina hesabu yake ya ajabu: karne zote za Wasan haziwezi kujaza zaidi ya nusu ya ile miaka 30, na nusu nyingine lazima iwe ya Ulaya. Maelezo yanayoambatana na dawa humwonya mwenye vidonda vya tumbo asiitumie, kwa kuwa uchungu wake huchochea asidi. Mwenye mawe ya nyongo amwone daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kutoitumia. Kuharisha na kichefuchefu ndiyo malalamiko ya kawaida. Penye soko lisilo na usimamizi, mzizi huohuo huuzwa kama kirutubisho, na hapo kiasi cha hapagosaidi kilichomo ndani ya chupa hutegemea uaminifu wa aliyeijaza.

Deni la elimu lilichukua muda mrefu zaidi kuzungumzwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba mali ya viumbe ni ya nchi husika na kwamba faida igawanywe kwa haki, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, ikaweka utaratibu. Namibia ilitunga sheria yake mwaka 2017, inayodai idhini na makubaliano ya mgao kabla ya kutumia mali hizo na elimu ya jadi inayohusiana nazo. Kwa ukucha wa shetani sheria imekuja nyuma ya matukio. Elimu ilikwisha kutoka 1907, ilichapishwa majaridani, na jamii zilizokuwa nayo ni nyingi, katika nchi zaidi ya moja. Hakuna wa kumshtaki wala mtu mmoja wa kumlipa. Kinachobaki kujadiliwa ni bei ya kilo, na mahali ambapo kazi yenye faida inafanyika, kwani mzizi bado huondoka Namibia ukiwa vipande vikavu magunini, na dondoo hutengenezwa ng'ambo.

Wengi wamejaribu kuulima. Mbegu zake zina ganda gumu na huweza kulala ardhini miaka mingi bila kuota, na zikiota huchipuka moja leo na nyingine msimu ujao, jambo linalofaa jangwani lakini linalomkatisha tamaa mkulima. Vikonyo na viazi vidogo hupandikizwa kwa mafanikio zaidi, na mashamba ya majaribio yameanzishwa Namibia na Afrika Kusini. Baadhi ya wachimbaji wenyewe wanaogopa kilimo kuliko ukame: mmea ukikubali shamba la mwenye trekta na maji, mnunuzi hatakuwa na haja ya kumfuata mtu wa Nyae Nyae. Mpaka sasa haujakubali kwa kiasi cha kutosheleza soko, na sehemu kubwa ya mzizi unaofika famasia za Ulaya bado huchimbwa porini kwa mikono.